Mama alisema "nigeuzeni": yaliyotukuta katika nyumba ya wazee, Texas

Bandeji ilikuwa mwisho wa mgongo wa Mama, juu kidogo ya makalio. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyeusi, kama tunavyofundishwa sote: tarehe iliyofungwa na herufi mbili za jina la aliyeifunga. Tarehe ilikuwa ya Jumanne. Mimi niliiona Jumapili alasiri, Mei 2022, nilipokwenda kumpaka Mama mafuta ya nazi miguuni kama nilivyozoea, nikasikia harufu. Mimi ni muuguzi msaidizi, nimefanya kazi hii hapa Houston miaka 11. Harufu ile naijua. Nikamlaza ubavu, nikaibandua bandeji, nikaona mfupa.

Jioni ile Mama alikuwa hospitalini, homa nyuzi 39. Daktari wa zamu akaniambia ni kidonda cha kulalia, kile cha mgonjwa anayelala upande mmoja bila kugeuzwa, cha daraja la nne, ambalo ndilo la mwisho, na maambukizi yameshaingia kwenye damu. Akaniuliza swali moja tu: "Kwani hawakuwa wakimgeuza?"

Tangu hapo nimepigiwa simu na Waswahili wenzangu wengi wenye mzazi kwenye nyumba za wazee, wa Dallas, wa Minneapolis, wa Columbus, na karibu wote wanaanza na maneno yaleyale: "Dada, naomba hili libaki kati yetu." Aibu hiyo ndiyo iliyotugharimu sisi, na kabla sijafika kwenye sheria lazima niiseme.

Mama alikuja kutoka Tanga mwaka 2007, akanilelea wanangu wawili, akapata uraia. Januari 2022 kiharusi kikampiga upande wa kulia. Akili ilibaki salama, lakini Kiingereza kidogo alichokuwa nacho kikafutika chote, akabaki na Kiswahili chake cha Tanga. Tunakaa ghorofa ya pili, hakuna lifti. Mume wangu ni dereva wa lori, mimi nafanya zamu za usiku. Tulijaribu kukaa naye wiki tatu. Siku niliyomwangusha bafuni ndiyo siku tuliyoanza kutafuta kituo.

Nilipompigia kaka yangu Tanga kumweleza, alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo Mama yuko kwa watu baki." Hakunitukana wala hakupandisha sauti, lakini maneno yale nilitembea nayo miezi mitatu. Kila nilipoona kasoro, glasi ya maji imewekwa upande wa mkono usiofanya kazi, nepi imelowa hadi shuka, midomo imekauka na kupasuka, nilijiona kwamba nikilalamika nitakuwa nathibitisha alichosema kaka. Tena niliogopa kuwa nikiwaudhi wahudumu, watamlipizia Mama nikishaondoka. Na kama mtu wa kazi hiyo, nilijua yule dada wa usiku ana wazee zaidi ya 20 peke yake, nikamwonea huruma. Huruma ile ilikuwa ya kweli. Lakini aliyekuwa akiilipia ni mama yangu, kwa ngozi yake.

Makosa yangu ya kisheria yalianza siku ya kwanza kabisa, mezani kwa afisa wa mapokezi. Walinipa kompyuta bapa yenye kurasa zaidi ya 60 za kutia sahihi kwa kidole. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu anasinzia. Nikatia sahihi kila palipokuwa na alama ya njano. Mojawapo ilikuwa mkataba wa usuluhishi, unaosema kwamba likitokea tatizo hatutakwenda mahakamani mbele ya jaji na jopo la wananchi, bali kwa msuluhishi wa faragha. Sikujua kwamba tangu mwaka 2019 kanuni za serikali kuu zinakataza kituo kinachopokea Medicare (bima ya afya ya serikali kuu, hasa kwa wazee) au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kukulazimisha kusaini mkataba huo ndipo mgonjwa apokelewe. Sikujua pia kwamba hata ukishasaini una siku 30 za kuufuta kwa maandishi. Kama umempeleka mzazi wako mwezi huu, simama hapa kwanza, katafute karatasi hiyo.

Na tazama pia umesaini kama nani. Kituo hakiruhusiwi kumtaka mtoto awe mdhamini wa kulipa deni kwa fedha zake mwenyewe ili mzazi apokelewe. Ukisaini, andika wazi kwamba unasaini kwa niaba ya mkaazi, si kwa ajili yako. Halafu lile ambalo sisi Waswahili tunaliona kama kumtabiria mtu kifo: hati ya kumwakilisha mzazi katika matibabu, na ile ya kumwakilisha katika mambo ya fedha, ziandikwe angali mzima. Sisi tuliziandika Mama akiwa kitandani hospitalini, kwa mkalimani na shahidi, huku mawakili wa upande wa pili baadaye wakihoji kama alielewa alichokuwa anakisaini.

Asubuhi ya Jumatatu, baada ya hospitali, nilikuwa nimewaka hasira, nikaanza kupiga simu ovyo. Nilipiga idara ya jimbo inayolinda watu wazima, wakanieleza kwamba hapa Texas wao hushughulika zaidi na wazee walio majumbani. Nyumba za wazee husimamiwa na tume ya afya na huduma za jamii ya jimbo. Nikapiga kule nikilia. Nikasema wamemtesa mama yangu, wamemwacha aoze, ni wanyama. Nilisema kila kitu isipokuwa kile wanachoweza kukichunguza. Baada ya wiki kadhaa ilikuja barua: malalamiko hayakuthibitishwa.

Barua ile ilinilaza kitandani siku mbili. Aliyeninyanyua ni ombudsmani. Kila jimbo la Marekani linatakiwa na sheria kuwa na watu hawa, kazi yao ni kuwatetea wakaazi wa nyumba za wazee, na hawatozi hata senti. Namba yao lazima ibandikwe ukutani ndani ya kituo. Mimi niliipita miezi mitatu bila kuisoma. Huyu mama alikuja nyumbani kwangu na daftari, akaniuliza: tarehe gani, zamu gani, chumba gani, nani alikuwepo, ulimwambia nani, akajibu nini. Kila nilipotaka kueleza uchungu wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akarudi kwenye tarehe. Tukaandika upya kurasa mbili na kuambatanisha picha. Picha muhimu kuliko zote ilikuwa ile ya bandeji yenye tarehe ya Jumanne, ambayo niliipiga kwa mazoea ya kazi tu, bila kufikiria kesi. Wakaguzi wakarudi kituoni bila taarifa, na safari hii wakakikuta na makosa. Ripoti zao ni za umma, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Nilipoanza kuzisoma za miaka ya nyuma, niliona kituo kilekile kilishawahi kuandikiwa kosa la vidonda. Ningeweza kuisoma ripoti ile Februari, kabla sijampeleka Mama.

Ombudsmani huyohuyo ndiye aliyenifundisha kuhusu kumbukumbu za matibabu. Kituo kiliniambia nisubiri siku 30. Yeye akawaonyesha kanuni: mkaazi au mwakilishi wake ana haki ya kuzisoma ndani ya saa 24, ukiacha wikendi na sikukuu, na kupewa nakala ndani ya siku mbili za kazi kwa gharama ya kawaida ya kunakili. Nikapewa kurasa 640. Nakushauri uziombe mapema, kabla hujatamka neno "wakili", na uziombe zote: karatasi za kumgeuza, za chakula na maji, za uzito, za ngozi, na maelezo ya wauguzi ya kila zamu.

Nilizisoma usiku, siku ambazo sina zamu, kwenye meza ya jikoni. Karatasi za kumgeuza zilikuwa safi mno. Kila baada ya saa mbili, alama ya vema na herufi za jina. Mtu yeyote aliyefanya kazi hii anajua kwamba usiku wa kweli hauwi hivyo. Nikafika usiku wa Jumapili ile. Mama aligeuzwa saa nne usiku, ikasema karatasi, akageuzwa saa sita, akageuzwa saa nane. Saa hizo zote Mama alikuwa kitandani hospitalini, na mimi nimemshika mkono.

Lakini si hilo lililonitoa machozi. Kwenye maelezo ya wauguzi ya Aprili, zamu baada ya zamu, walikuwa wameandika kwamba mkaazi anapiga kelele usiku, anasumbua wenzake, amechanganyikiwa. Wakamwomba daktari dawa ya kumtuliza, na akaandikiwa. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alijaribu kuandika alichokisikia, herufi kwa herufi. Aliandika: "nigezeni, nigezeni". Pembeni akaongeza: maneno yasiyo na maana.

Alikuwa akisema nigeuzeni. Mama yangu hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa akieleza matibabu sahihi ya ugonjwa wake, kwa lugha fasaha, usiku kucha, na jibu alilopewa ni kidonge cha usingizi ambacho kilimfanya alale juu ya kidonda bila hata kujisogeza.

Kanuni zinasema mkaazi ana haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, na kituo kinachopokea fedha za serikali kinatakiwa kuleta mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Zinakataza pia kumpa mtu dawa za namna hiyo kwa ajili ya kuwarahisishia wahudumu kazi. Mimi nilikuwa nimejaza fomu ya kuingia kwamba lugha yake ni Kiswahili, nikaishia hapo. Sikudai mkalimani aandikwe kwenye mpango wa huduma. Mpango huo ndio moyo wa kila kitu: sheria ya mwaka 1987 ya kurekebisha nyumba za wazee iliulazimisha, familia inaalikwa kwenye kikao cha kuupanga, na kisichoandikwa mle ni vigumu kukidai. Mimi nilialikwa, nikakosa kwenda kwa sababu nilikuwa natoka zamu ya usiku. Ningeweza kuomba kikao cha simu.

Sasa mawakili. Nilidhani nikiwa na ushahidi ule watagombania kesi. Wawili wa kwanza waliikataa, na wa pili alikuwa mwungwana wa kutosha kunieleza sababu. Texas, tangu sheria ya mwaka 2003, imeweka kikomo kwa fidia ya maumivu na mateso katika kesi dhidi ya watoa huduma za afya: kwa kawaida dola 250,000 kwa taasisi moja. Fidia ya mshahara uliopotea haina kikomo hicho, lakini mama wa miaka 78 mwenye kiharusi hana mshahara. Kwa hiyo hesabu ya wakili inakuwa fupi. Nilitoka ofisini kwake nikiwa nimeelewa kwamba sheria hiyo, iwe ilikusudiwa au haikukusudiwa, imewashusha bei wazee wetu. Naamini hivyo hadi leo.

Wa tatu aliichukua. Mkataba wake ulikuwa wa asilimia 40 ya kitakachopatikana, na tusipopata hatumlipi. Uliza kabla ya kusaini: gharama za wataalamu na nakala zinakatwa kabla ya asilimia au baada? Kesi ikishindwa, gharama hizo ni za nani? Mimi niliuliza la pili tu.

Muda ni kitu cha kuogopwa. Hapa una miaka miwili ya kufungua kesi ya namna hii. Majimbo hutofautiana, kwa hiyo usichukue namba yangu ukaitumia Ohio. Na ndani ya miaka hiyo miwili kuna ngazi nyingine: lazima kituo kipewe taarifa ya maandishi siku 60 kabla ya kufungua, na kesi ikishafunguliwa na wao kujibu, una siku 120 za kuleta ripoti ya mtaalamu inayoeleza walichokosea na jinsi kosa lilivyosababisha madhara. Ukikosa ripoti hiyo, kesi inafutwa na unaweza kulipishwa hata mawakili wao. Ndiyo maana anayekwenda kwa wakili miezi 22 baada ya tukio hukuta milango imefungwa. Mimi nilikwenda baada ya miezi tisa na bado tulikimbizana.

Upande wao ulikuwa na hoja mbili. Kwanza, ule mkataba wa usuluhishi. Hilo peke yake lilikula miezi saba. Jaji akasema siku ile ya mapokezi sikuwa na hati yoyote ya kumwakilisha Mama, na yeye mwenyewe hakuusaini, kwa hiyo haumfungi. Tulibahatika. Hoja ya pili ilikuwa kwamba Mama ana kisukari, kwa hiyo kidonda hakikuepukika. Kanuni kweli ina mwanya huo: mtu aliyeingia bila kidonda asipate, isipokuwa hali ya mwili wake inaonyesha kwamba hakikuepukika. Mtaalamu wetu, muuguzi wa vidonda aliyestaafu, alijibu kwa kurasa za kituo chenyewe: siku ya kuingia walimpima wenyewe na kuandika kwamba yuko katika hatari kubwa, na dawa yake ni kugeuzwa, godoro maalumu na lishe. Godoro halikuletwa kamwe. Uzito ulishuka kilo saba, na daktari hakuarifiwa.

Nilihojiwa chini ya kiapo kwa saa tano. Wakili wao alikuwa mpole sana. Aliniuliza: "Wewe ni muuguzi msaidizi. Ulikuwa unakuja kila Jumapili. Mbona hukuona?" Hakuna aliyeniandaa kwa swali hilo, wala sidhani angeweza. Nilijibu ukweli, kwamba nilikuwa nampaka mafuta miguuni na sikuwa namfunua mgongo kwa sababu Mama alikuwa anaona haya. Anayekwenda kwenye kesi hizi ajue kwamba swali lile litamfikia. Zungumza nalo kwanza na mtu wako wa karibu, usilikute mezani.

Tulimaliza nje ya mahakama mwaka 2024. Kiasi siruhusiwi kukitaja, wala jina la kituo. Hilo lilikuwa sharti lao. Ninaloweza kusema ni kwamba baada ya wakili, gharama za wataalamu, na Medicaid kurudishiwa ilicholipia kidonda kile, katika kila dola 100, zilizotufikia hazikufika 45. Na hata hizo zilikuwa na mtego: Mama akiwa na zaidi ya dola 2,000 kwa jina lake, Medicaid inasimama. Mwulize wakili kuhusu hilo kabla hundi haijaandikwa, kwa sababu ikishaingia benki umechelewa.

Kesi ya madai si njia pekee. Texas, kumwumiza mtu wa miaka 65 na kuendelea, hata kwa kutotenda unachopaswa kutenda, kunaweza kuwa jinai, na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ina kitengo kinachochunguza pia utelekezaji kwenye vituo vinavyolipwa na Medicaid. Sisi hatukufika huko. Niliogopa kwamba atakayefungwa ni yule dada wa usiku na si waliompa wazee 20. Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa kanuni ya kuongeza wahudumu kwenye nyumba hizi, na Aprili 2025 mahakama ya serikali kuu hapahapa Texas ikaitengua. Siku ile nilikuwa zamu. Tulikuwa wawili, ghorofa nzima.

Kidonda cha Mama kilipona, kikichukua miezi 14. Hakurudi kituo kile. Tulipata kingine kidogo, mbali zaidi, dakika 50 kwa gari, na safari hii nilisoma kwanza ripoti za ukaguzi, nikaenda kuwaona saa mbili usiku, si saa nne asubuhi walipotaka wao. Tuliweka kamera. Texas inaruhusu tangu 2001: unajaza fomu, mwenzake chumbani anakubali, tangazo linabandikwa mlangoni, gharama ni zako, na kituo hakiwezi kumkataa wala kumfukuza mtu kwa sababu hiyo. Tena nikabandika juu ya kitanda karatasi kubwa yenye maneno nane, yalivyo na yanavyotamkwa: maji, naumwa, baridi, choo, nigeuze, na mengine. Mhudumu mmoja wa El Salvador aliyashika yote kwa wiki moja. Alikuwa akiingia na kusema, "Mama, nikugeuze?" na Mama anamjibu, "Nigeuze, mwanangu." Kaka alipokuja kutoka Tanga, alikaa pale siku nne akiwatazama. Siku ya mwisho akamletea yule dada wa El Salvador kanga.

Mama alifariki usingizini, Juni 2025. Tulimwosha sisi wanawake watatu, wawili wa msikitini na mimi. Ilipofika zamu ya kumlaza ubavu wa kushoto, nikaomba nimgeuze mimi. Kovu lilikuwa pale mwisho wa mgongo, jepesi, limefunga vizuri, ukubwa wa sarafu. Ngozi iliyobaki yote ilikuwa safi.